Ushuhuda wa Mtumwa na Hoja ya Muungwana

Katika lugha yetu kitenzi kimoja kimezaa majina mawili ambayo watu hawana desturi ya kuyaweka pamoja. Kitenzi hicho ni kutuma. Anayetumwa na Mungu apeleke neno kwa wanadamu huitwa mtume. Anayetumwa na mwanadamu mwenziwe, asubuhi na jioni, bila ujira wala hiari, huitwa mtumwa. Wote wawili hawaendi kwa shauri lao wenyewe. Lakini wa kwanza amekabidhiwa neno la kusema, na wa pili amenyang'anywa. Mtume akinyamaza amevunja utume wake. Mtumwa akisema ameanza kuuvunja utumwa wake. Sidai kuwa wazee waliotuachia maneno haya walikusudia falsafa hiyo. Lugha hukua kama msitu, wala haina baraza la kuipangia. Hata hivyo tofauti hiyo yanifaa kuanzia swali langu, nalo ni hili: mtu aliyekuwa mtumwa, kisha akapata uhuru, ana haki ya kusema nini? Je, asimulie tu yaliyompata, au ana haki pia ya kuamua maana ya yaliyompata?

Swali laonekana jepesi kwa anayelitazama kwa mbali. Nani atathubutu kumwambia aliyefunguliwa minyororo kwamba aseme nusu na nusu aiache? Walakini waliothubutu walikuwako, na wengi wao hawakuwa adui za watumwa bali rafiki zao wakubwa. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa mwaka 1818 katika jimbo la Maryland, Marekani. Mama yake alikuwa Harriet Bailey, na yeye mwenyewe aliitwa Frederick Bailey. Alipokuwa mtoto katika mji wa Baltimore, bibi wa nyumba aliyomtumikia, Sophia Auld, alianza kumfundisha herufi, mpaka mumewe, Hugh Auld, alipokataza jambo hilo kwa sababu moja ambayo mtoto hakuisahau maisha yake yote: kwamba mtumwa anayejua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto akafahamu kuwa bwana, kwa kuifunga njia, amemwonyesha mahali ilipo. Akawa akiwapa watoto wa Kizungu wa mitaani mkate wamlipe kwa masomo, na alipopata umri wa miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha mafunzo ya kuhutubia kiitwacho The Columbian Orator. Ndani yake mlikuwa na mazungumzo kati ya bwana na mtumwa wake aliyetoroka akakamatwa. Bwana anatoa hoja, mtumwa anaijibu. Bwana anatoa nyingine, nayo inajibiwa. Mwisho bwana anashindwa na kumwachia huru. Kuwa utumwa unauma, Douglass alilijua bila kitabu. Jambo jipya aliloliona katika kurasa zile ni kwamba mtumwa aweza kusimama barazani akashinda.

Alitoroka tarehe 3 Septemba 1838. Mwezi wa Agosti 1841, akiwa kijana wa miaka 23, alisimama mbele ya mkutano wa wapinga utumwa katika kisiwa cha Nantucket, akasema kwa kutetemeka, na waliomsikia hawakumsahau. Chama chao kikamwajiri awe msemaji wake. Akaenda mji kwa mji, usiku kwa usiku, akisimulia habari ile ile ya shamba, mjeledi na kutoroka. Baada ya muda alichoka. Alikuwa anasoma, anafikiri, na fikira zake zilikuwa zimekwisha kuipita hadithi yake. Alitaka kueleza kwa nini utumwa ni dhuluma, wala asiishie kuonyesha kuwa yeye amedhulumiwa. Ndipo rafiki zake walipomshika mkono. John Collins, mmoja wa wakuu wa chama, alimshauri kwamba yeye atoe habari tu, na falsafa awaachie wao. Wengine walimwomba abakize katika ulimi wake lafudhi kidogo ya shambani, asije akaonekana msomi kupita kiasi. Ameyaeleza haya mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1855, My Bondage and My Freedom, na ayaelezapo haoni haya wala hatukani.

Tusiharakishe kuwacheka watu hao. Walikuwa na sababu, na sababu yao ilithibitika. Kadiri Douglass alivyosema kwa ufasaha, ndivyo wasikilizaji walivyonong'ona kuwa mtu huyu hakupata kuwa mtumwa hata siku moja. Alikuwa katika mtego wa ajabu. Akisema vibaya, watasema kuwa watumwa hawana akili. Akisema vizuri, watasema kuwa yeye si mtumwa. Waliomshauri apunguze ufasaha walitaka aaminiwe. Wasiloliona ni bei ya kuaminiwa huko. Anayesimulia maumivu yake na kuishia hapo humpa msikilizaji kiti cha hakimu. Msikilizaji hulia, hutoa sadaka, hutoa hukumu, kisha huenda nyumbani akiwa amejiona mwema. Anayetoa hoja hukaa naye kwenye mkeka mmoja, na hapo msikilizaji aweza kushindwa. Kumpa mtu huruma ni jambo rahisi kuliko kukubali kushindwa naye kwa maneno.

Douglass aliutegua mtego kwa njia ya hatari. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake, akataja ndani yake jina la wilaya aliyozaliwa, majina ya mabwana zake, na jina alilokuwa akiitwa. Kila aliyemtilia shaka sasa aliweza kwenda Maryland akaulize. Na Thomas Auld, bwana wake kwa mujibu wa sheria, aliweza kujua pa kumtafuta. Ikambidi avuke bahari mwaka huo huo, akakaa Uingereza na Ireland mpaka mwaka 1847. Alikubali kujihatarisha ili jina lake liwe juu ya maneno yake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1887, yaani miaka 42 baada ya kitabu hicho, kilichapishwa London kitabu kiitwacho Kiungani, kwa jina la chuo kilichokuwa karibu na mji wa Unguja. Aliyekitengeneza ni Arthur Cornwallis Madan, bwana yule yule ambaye kamusi zake za Kiswahili zilitumiwa na vizazi vya wanafunzi. Waandishi wake walikuwa wavulana wa shule za misheni ya UMCA, wengi wao wakiwa wametolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Waliandika jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, walivyotembezwa mpaka pwani, na walivyowapoteza mama zao njiani. Ni ushuhuda mkubwa; sijui kitabu kingine cha zamani hizo ambamo watumwa wengi wa Afrika ya Mashariki wanasikika kwa pamoja namna hii. Lakini wavulana wenyewe hawakutajwa kwa majina. Msomaji huambiwa kabila la anayesema, na hadithi yake hukatika pale anapofika mikononi mwa walimu wake. Habari ni zao. Falsafa aliiweka mwingine, katika dibaji, kwa Kiingereza.

Siwezi kusema kwamba Madan alikuwa na nia mbaya. Yamkini alitaka kuwahifadhi. Watoto waliotajwa wangeweza kutafutwa, na aibu ya kununuliwa ingewafuata hata ukubwani. Lakini msomaji wa leo anayefungua kitabu hicho hukutana na kundi la sauti zisizo na nyuso, na hana njia ya kujua ni yupi kati yao alikua, alifikiri nini alipokuwa na ndevu, na kama alikubaliana na dibaji.

Wako waliokua na wakajulikana. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano waliotolewa katika jahazi na kukabidhiwa Askofu Tozer huko Unguja mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, alisoma Kiungani na kisha Canterbury, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre. Alipokuwa Chitangali, katika nchi ya Wayao, aliendesha kazi ya dini kwa miaka mingi bila Mzungu wa kumsimamia, akihubiri kwa lugha ambayo utumwa ulikuwa umemtenga nayo tangu utoto. Huyu alikuwa mnenaji, bila shaka. Watu walimsikiliza na wakabadilika. Lakini mimbari ina somo lake, na somo hilo halikuwa utumwa.

Ninaandika haya Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Wajerumani walianzisha hapa mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia ingali imesimama. Wataalamu wa bustani kama ile hawapokei mche bila kuuandika: jina lake, mahali ulikotoka, mwaka uliopandwa. Hata ua dogo la zambarau la misitu hii, ambalo sasa limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, lilipewa jina la Kilatini Saintpaulia, kwa jina la ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na katika mwaka ule wa 1902, mwaka wa kuanzishwa kwa Amani, utumwa ulikuwa bado halali katika nchi hii. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imekataza biashara ya watumwa, lakini haikuukomesha utumwa wenyewe. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa aliruhusiwa kujinunua. Kwa amri ya mwaka 1904 watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru. Na waliokwisha kuzaliwa walingoja mpaka mwaka 1922, chini ya serikali ya Kiingereza, ndipo sheria ikaacha kumtambua mtu kuwa mali ya mtu. Kwa muda wa miaka 20, basi, mti wa Amani ulikuwa na jina lililoandikwa na mizizi iliyolindwa, na chini yake huenda alipita mtu asiye na hata moja la hayo.

Huko upande wa magharibi, katika milima iliyo juu ya Korogwe, pana mahali paitwapo Lutindi. Mwaka 1896 Wajerumani wa chama cha Kiprotestanti walijenga hapo makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wa namna hiyo walipopungua, nyumba zile zilianza kupokea wagonjwa wa akili, na Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka leo. Nimefikiri mara nyingi juu ya mfuatano huo. Walioishi hapo kwanza waliaminiwa waliposema kuwa wameumia, lakini haikutazamiwa wawe na rai. Waliowafuata nao huulizwa wanajisikiaje, na jibu lao huandikwa kama dalili. Sisemi hivyo kwa kuilaumu hospitali, ambayo imetenda wema kwa watu waliokataliwa na jamaa zao. Nasema tu kwamba yako makundi mawili ya wanadamu ambayo tumezoea kuyasikiliza bila kuyajibu, na milima yetu imeyalaza chini ya paa moja.

Isidhaniwe kuwa hoja dhidi ya utumwa ililetwa Usambara kwa meli. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi uligawanyika. Semboja alijijengea nguvu yake Mazinde, bondeni, katika njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana kwa kubadilishana na watu. Kiswahili kina kumbukumbu kubwa ya mambo hayo, Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karibu na Semboja. Ni kitabu cha thamani isiyopimika, lakini ni kitabu cha watawala: waliouzwa, aghalabu, hupita ndani yake kama pembe na ng'ombe. Hata hivyo raia walikuwa na fikira zao. Washambaa wana maneno mawili ya kuhukumia utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu hulinda, mvua hunyesha, watu huongezeka. Wakubwa wakishindana, nchi huharibika na watu hupungua. Mkubwa anayewauza watu wake mwenyewe ameiharibu nchi kwa maana iliyo wazi kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi katika maasi yanayoitwa Kiva, na kuuzwa kwa watu kulikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowachochea. Hiyo ilikuwa hoja. Haikuhitaji dibaji ya mgeni. Tofauti yake na hoja ya Douglass ni kwamba ilisemwa na waliohofia kuuzwa. Waliokwisha kuuzwa walikuwa Pemba, Unguja na Uarabuni, na huko hapakuwa na baraza la kuwasikiliza.

Msomaji makini atanipinga hapa, naye ana haki. Atasema: wewe unaitukuza hoja kupita ushuhuda, lakini hoja ni bidhaa ya kila mtu. Mabwana wa watumwa walikuwa nazo tele. Walitoa aya, walitoa sheria, walitoa hesabu za mavuno ya karafuu. Ushuhuda ndio kitu ambacho bwana hawezi kuwa nacho. Mtumwa anayeacha ushuhuda wake akashika hoja anaiacha silaha ambayo ni yake peke yake na kwenda kupigana kwa silaha ambayo adui ameizoea zaidi.

Pingamizi hili ni zito, na kwa muda mrefu lilinishinda. Lakini nadhani linasahau kuwa ushuhuda haujisemi wenyewe. Kuna anayeuliza. Yule anayeuliza huchagua aanzie wapi na akomee wapi. Ukimwuliza mvulana wa Kiungani jinsi alivyotekwa, atakueleza jinsi alivyotekwa. Hukumwuliza kwa nini aliyekombolewa hupewa mlezi na dini na jina jipya kabla hajaulizwa anataka kwenda wapi. Hilo atalisema siku atakapoongoza mazungumzo yeye mwenyewe, na kuongoza mazungumzo ndiko kutoa hoja. Douglass hakuacha kushuhudia. Aliandika maisha yake mara tatu, kila mara kwa upana zaidi, kwa sababu kila mara alikuwa na swali jipya la kujiuliza. Ushuhuda wake ulikua kwa kuwa hoja yake ilikua.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia uzito zaidi, nalo ni shukrani. Wahenga walisema kuwa shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo hutajwa kila mara mtu aliyesaidiwa anapomlaumu aliyemsaidia, na hakuna aliyeogopa kuambiwa hivyo kama mtu aliyekombolewa. Mwaka 1934 James Mbotela wa Frere Town, karibu na Mombasa, mwana wa watu waliokombolewa, alitoa kitabu kidogo cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Kilisomwa shuleni kwa miaka mingi. Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu sana kwa kuwasifu Waingereza, na lawama yao si ya bure. Mwandishi ni kama hana la kuuliza juu ya wakombozi. Lakini mimi sioni kuwa haki kumhukumu Mbotela kama kwamba alikuwa na uwanja wa Douglass. Baba yake alitolewa kweli katika jahazi. Mabaharia waliomtoa walikuwa Waingereza kweli. Mtu aliyelelewa katika kijiji kilichojengwa kwa wema wa wengine atawezaje kusema kuwa wema ule ulikuwa na mipaka, asiambiwe punda? Lililomzuia ni deni, wala si upungufu wa akili, na deni hilo liliandikwa na wengine kabla hajazaliwa.

Maana uhuru ulinunuliwa, na kinachonunuliwa huacha hati. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro wengi walikuwa wamejificha kwa wamisionari. Mabwana zao wakawadai. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ile, alikomesha ugomvi kwa kuwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Furaha ilikuwa kubwa, na ingekuwa ukatili kuidharau. Lakini fikiri jinsi hesabu ilivyofanywa. Aliyelipwa ni aliyeiba nguvu za mwenziwe. Aliyeibiwa alipata karatasi. Watu hao walikuwa wamekwisha kujikomboa kwa miguu yao, wakilala msituni na kuogopa mbwa; kisha ikaamuliwa kwamba uhuru wao umeanza siku fedha zilipohesabiwa.

Douglass alilipitia jambo hilo hilo. Alipokuwa Uingereza, mwaka 1846, rafiki zake wakiongozwa na akina Richardson wa Newcastle walichanga paundi 150, wakamnunua kwa Auld, wakamwacha huru. Wapinga utumwa wengine walikasirika: kumlipa mwizi, walisema, ni kukiri kuwa kitu ni chake. Douglass aliipokea hati. Alijibu kwa akili ya kawaida kwamba fedha zile hazikulipwa kwa sababu Auld ana haki, bali kwa sababu Auld ana nguvu, kama msafiri ampavyo mnyang'anyi mfuko ili aokoe roho yake. Aliwashukuru waliochanga. Kisha akarudi Marekani, na katika mwaka 1847 huo huo akaanzisha gazeti lake mwenyewe, The North Star, katika mji wa Rochester, ingawa rafiki zake wakubwa wa Boston walimkataza. Alipoalikwa mjini humo mwaka 1852 kuhutubia katika sherehe za uhuru wa Marekani, aliisema hotuba yake tarehe 5 Julai, akawauliza wenyeji siku hiyo inamhusu nini mtumwa. Hiyo ndiyo namna ya shukrani ambayo Mbotela hakuachiwa nafasi ya kuijaribu: kumshukuru mtu kwa alichokitenda, na kubaki na haki ya kumwuliza asichokitenda. Wala haikumjaza chuki. Mwaka 1877, Thomas Auld akiwa mgonjwa wa kufa, Douglass alikwenda kumwona nyumbani kwake, na wote wawili walitokwa na machozi. Aliweza kwenda, naamini, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia bwana wake kila alilotaka kumwambia, hadharani, kwa barua iliyochapishwa gazetini mwaka 1848.

Kuna upungufu mmoja katika habari yote hii, na ni lazima niutaje ijapokuwa unadhoofisha kidogo sifa nilizozitoa. Douglass alitoroka kwa msaada wa Anna Murray, mwanamke huru wa Baltimore aliyempa fedha za safari na baadaye kuolewa naye. Anna aliishi naye miaka 44, akalea watoto, akaficha watoro nyumbani, na hakupata kujua kusoma vizuri. Hakuna hotuba yake. Kwetu, wengi wa waliokuwa watumwa walikuwa wanawake, na sheria yenyewe iliwaacha nyuma: amri ya Unguja ya mwaka 1897, iliyomwezesha mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake, haikuwahusu masuria kama wengine, nao walingoja mpaka mwaka 1909. Ukisema kwamba heshima ya aliyekuwa mtumwa imo katika hoja yake, utasema nini juu ya mwanamke ambaye hakuna aliyemwuliza hata ushuhuda? Sina jibu linaloniridhisha. Najua tu kuwa Muungwana ni vitendo, na kwamba kumficha mtoro nyuma ya mlango wa jiko ni kitendo ambacho hakina haja ya dibaji.

Nimeyafikiri haya si kwa ajili ya Marekani. Nilipokuwa kijana nilimwuliza mzee mmoja wa ukoo wetu kwa nini bibi mmoja, mama wa nyanya yangu, hana kwao. Kila mtu katika masimulizi yetu ana mlima aliotoka, na yeye anatokea tu, tayari ameolewa, tayari anapika. Mzee alitazama nje kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, hayo yamekwisha. Usimfukue mtu aliyekwisha kupumzika." Nilidhani anaficha aibu. Miaka imepita, nami sasa nadhani alikuwa akilinda kitu: bibi yule alikuwa ameingia ukooni kama mke na mama, na kumtaja kuwa alinunuliwa kungekuwa kumrudisha sokoni mara ya pili, safari hii na mjukuu wake, tena bila kuulizwa.

Hata hivyo mzee naye alikuwa anamsemea. Na mimi, ninapoandika sentensi hizi, ninamsemea vilevile. Nimetoa habari yake, na falsafa nimeiweka yangu. Jina lake ninalijua. Nimelifikia mara mbili katika kuandika, na mara mbili kalamu imesimama.